Mgeni Aliyegeuzwa Adui

Kiingereza kina kivumishi 'hostile', na mfasiri anayekimbizana na muda hukiandika "-enye uadui" akaenda zake. Katika habari za vita hakosei. Lakini siku hizi neno hilo limo katika mienendo ya mashauri mahakamani, katika sera za uhamiaji, katika taarifa za kampuni na katika mafunzo ya waandishi wa habari, na limo hata katika maelezo ya mtu aliyekupokea mlangoni asikukaribishe ndani. Kuyatia yote hayo katika kapu la "uadui" kuna madhara. Sijui mahali nchini Tanzania ambapo madhara hayo huonekana wazi kuliko Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zilizokuwa moja hadi 2012. Karagwe inapakana na Rwanda. Kyerwa inapakana na Rwanda na Uganda. Huko, tofauti kati ya mgeni, hasimu na adui imeamua mara nyingi nani alale ndani na nani avuke mto.

Kwanza asili ya neno lenyewe, kwa sababu ndani yake kuna kisa ambacho msemaji wa Kiswahili atakielewa upesi kuliko Mwingereza. 'Hostile' lilipita Kifaransa likaingia Kiingereza katika karne ya 16. Chanzo chake ni Kilatini, hostilis, yaani "-a adui", na hilo nalo limetokana na jina hostis, "adui". Ila hostis hakuwa adui tangu mwanzo. Katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili za Roma, za katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, hostis alikuwa mgeni tu, mtu asiye raia wa mji. Cicero, akiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, alilieleza jambo hili kwa uwazi: wazee wa zamani walitumia neno la upole, wakamwita mgeni yule ambaye kwa hakika walikuwa wakipigana naye, na kwa kadiri siku zilivyopita neno likakomaa kwa ukali hata likabaki kwa yule tu anayeshika silaha dhidi yako.

Mzizi uliozaa hostis ndio uliozaa pia neno la Kiingereza la mgeni wa nyumbani, 'guest', na neno la Kirusi la mgeni, gost. Tena Kilatini chenyewe kilikuwa na hospes, mtu anayepokea wageni na vilevile mgeni anayepokewa. Kutokana na hospes tumepata, kwa njia ndefu, hospitali, hoteli na hosteli. Mtu wa Karagwe anayesema "nimelala hoteli ya Kayanga" ametamka ndugu wa damu wa neno la uadui bila kujua. Neno moja likagawanyika: tawi moja likaenda kwenye kitanda na chakula, jingine likaenda vitani.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Mgeni wetu amebaki mgeni. Ni mgeni aliyekuja kula, ni mgeni wa nchi nyingine, ni mgeni kazini asiyejua bado taratibu. Timu ikicheza nje ya uwanja wake iko ugenini, na jambo lisilozoeleka ni geni. Upana huo ndio uliokuwa wa hostis kabla Roma haijamkunjia ndita. Na lugha za Kagera hazikutofautiana na Kiswahili katika hili: Kihaya na Kinyambo vina omugenyi, neno la shina lilelile la Kibantu, na omugenyi anatakiwa apewe kiti.

Sasa ghala la Kiswahili. Adui ni neno la Kiarabu lililokwisha kuwa letu, na katika siasa ya Tanzania limepewa uzito wa pekee. Mwalimu Nyerere alitutajia maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na kila mtoto wa shule aliyajua majina hayo. Kwa nini hakusema mahasimu watatu? Kwa sababu adui hana haki ya kuendelea kuwapo. Huketi naye barazani mkapatana, wala hungoji akupe nusu yako. Unapigana naye hadi mwisho.

Hasimu ni mwingine kabisa. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na huko lilikotoka khasm ni mtu mnayebishana naye mbele ya kadhi, upande wa pili wa shauri. Hasimu ana hoja yake, ana haki ya kusikilizwa, na baada ya hukumu mtaendelea kuishi mtaa mmoja. Waandishi wa michezo wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Simba na Yanga huitwa mahasimu, au watani wa jadi, na mwandishi akiwaita maadui wasomaji watashtuka. Uhasama unaweza kurithiwa, unaweza kuwaka na kupoa, lakini ndani yake hakuna hukumu kwamba mmoja lazima atoweke.

Halafu yapo maneno ya ubaridi tu, ambayo hayahitaji ugomvi wowote. Mtu amenuna. Amepokea salamu bila bashasha. Amejibu kwa mkato. Ametupa kisogo. Ana uso mkavu. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kuyaita yote hayo 'hostile', na mfasiri akiandika "alinitazama kwa uadui" amemzulia mwenye nyumba vita ambavyo hakuvitangaza. Labda alikuwa na mgonjwa ndani. Labda alikuwa na deni na alidhani umetumwa kulidai.

Nimetaja ghala hili mapema kwa sababu historia ya Karagwe ililitumia lote, karibu neno kwa neno.

Katika karne ya 19 Karagwe ilikuwa ufalme wa Wahinda, na makao ya mfalme yalikuwa Bweranyange. Wafanyabiashara wa pwani, waliopitia Tabora wakifuata pembe za ndovu, walikuwa na kituo chao Kafuro, jirani na makao hayo. Kiswahili kilifika Karagwe kwa miguu ya watu hao, kikiwa lugha ya wageni. Novemba 1861 wakafika John Hanning Speke na James Augustus Grant, na msafara uliokuwa na wasemaji wa Kiswahili kama Sidi Mubarak Bombay. Njiani walikuwa wamechoshwa na hongo. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru wa njia, malipo ambayo mtawala alimtoza mpita njia. Maana ya rushwa ilikuja baadaye. Mzungu aliyekuwa na haraka aliweza kumwona kila mtawala aliyedai hongo kuwa ana uadui, wakati mtawala mwenyewe alijiona anatoza ada halali kwa mtu anayekanyaga nchi yake.

Omukama, yaani mfalme, Rumanyika aliwapokea kwa namna iliyomfanya Speke amsifu kwa kurasa nyingi. Grant, aliyekuwa na mguu mbaya, aliachwa chini ya uangalizi wake Speke alipotangulia kwenda Buganda mapema 1862, na akakaa hadi Aprili. Henry Morton Stanley naye alipofika mwaka 1876 alipokewa vizuri. Sipendi kuufanya ukarimu huo kuwa hadithi ya moyo mwema peke yake. Rumanyika alikuwa amegombea kiti na ndugu yake, na alikuwa amesaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Tabora. Kaskazini kulikuwa na Buganda yenye nguvu. Mfalme wa namna hiyo anajua thamani ya mgeni mwenye bunduki na habari za mbali. Ukarimu wake ulikuwa siasa, nao haukuwa wa uongo kwa sababu hiyo. Mgeni aliyepokewa vizuri alikuwa na wajibu.

Utamaduni wa nchi hizi za Maziwa Makuu ulikuwa na njia ya kuuthibitisha wajibu huo. Kahawa iliyochemshwa na kukaushwa ilikuwa takrima ya mgeni. Hutafunwa kavu, na bado hutafunwa. Udugu wa damu, omukago, ulifungwa pia kwa kahawa: tunda moja la mbuni huwa na buni mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja, na watu wawili wasio wa ukoo mmoja waligawana buni hizo zikiwa na damu ya kila mmoja. Kuanzia hapo kumdhuru mwenzio kulikuwa kumdhuru ndugu. Hapa mgeni hakuachwa asimame njia panda akingoja wakati uamue kama ni rafiki au adui, kama alivyoachwa hostis wa Roma. Kulikuwa na sherehe ya kumhamisha upande. Methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hutajwa sana kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini mimi naisoma pia kama ahadi: jembe likishapokewa, ugeni unakwisha.

Adui wa kweli alikuja mwishoni mwa Oktoba 1978. Majeshi ya Idi Amin yaliingia eneo lililo kati ya mpaka wa Uganda na Mto Kagera, mashariki ya Karagwe, Amin akatangaza kulitwaa, na daraja la Kyaka likabomolewa. Mkoa wenyewe ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja 1979, mwaka ambao Kampala ilianguka, tarehe 11 Aprili. Kiswahili cha vita hivyo kina mambo mawili ya kumfaa mfasiri. La kwanza, "adui" hutumika kwa umoja hata likitaja jeshi zima: adui amevuka, adui amerudi nyuma. Umoja huo unafuta nyuso. La pili, hata "adui" lilionekana dogo, likaongezewa "nduli", muuaji asiye na huruma, na vizazi vya Watanzania vimemjua Amin kwa jina hilo. Hapo 'hostile' la kijeshi, kama linavyosemwa kuhusu ndege au kikosi, linatafsirika bila shida: ndege ya adui, kikosi cha adui. Ni matumizi ya kale zaidi ya neno hilo katika Kiingereza, na ndiyo mepesi zaidi kwetu.

Ugumu huanza mtu anapovuka mpaka bila silaha.

Watu wa Rwanda wamekimbilia upande huu kwa mawimbi. Waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 na yaliyofuata walipewa makazi, na Nkwenda, ambayo leo iko Kyerwa, ilikuwa mojawapo. Mwaka 1980 serikali ya Nyerere iliwafungulia maelfu ya wakimbizi wa Rwanda mlango wa uraia. Miaka ya 1982 na 1983 wengine wakaja wakifukuzwa Uganda. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea, wilaya ya Ngara ilipokea watu wapatao 250,000 kwa muda wa saa 24 hivi kupitia Rusumo, na Karagwe nayo ikapata makambi yake, mpaka Desemba 1996 wengi waliporudishwa. Angalia majina waliyopewa watu hao katika muda wa maisha ya mtu mmoja: mgeni, mkimbizi, mlowezi, raia mpya, mhamiaji haramu. Mtu angeweza kuyapitia yote akiwa amekaa kwenye kibanja kilekile, akipalilia migomba ileile.

Jina la mwisho lilitawala mwaka 2013. Julai mwaka huo Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wiki mbili waondoke wale waliokuwa nchini bila kibali, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilikuwa na sababu zake: ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewatesa wananchi wa mikoa hiyo, na mifugo kutoka nje ilikuwa imejaa mapori ya hifadhi. Sababu hizo si za kudharau. Lakini miongoni mwa walioondolewa walikuwamo watu waliokaa miongo kadhaa, waliooa na kuolewa na Watanzania, na waliozaa. Jambazi na mke wa jirani waliingia chini ya istilahi moja. Ndiyo maana siipendi istilahi "mhamiaji haramu". Haramu ni sifa ya kitendo au ya kitu: nyama haramu, mali haramu, pombe haramu. Ikibandikwa mtu, inamtia najisi yeye mwenyewe, mwili na watoto. Uhamiaji unaweza kuwa kinyume cha sheria. "Anayeishi nchini bila kibali" ni maneno manne, ni marefu, na ni ya kweli.

Wakati uleule, mbali na Kagera, Uingereza ilikuwa ikitengeneza istilahi yake. Mwaka 2012 Theresa May, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alisema anataka kuweka mazingira 'hostile' kwa wahamiaji wasio na kibali. Sheria za 2014 na 2016 zikawalazimu wenye nyumba na mabenki kukagua hati za watu kabla ya kuwapangisha au kuwafungulia akaunti. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba watu wa asili ya Karibi waliofika kihalali miongo kadhaa nyuma, wale wa kizazi cha Windrush, walikuwa wamenyimwa kazi na matibabu, na wengine kufukuzwa nchini. Serikali ikabadilisha jina la sera. Waafrika Mashariki waishio huko waliyaonja mazingira hayo kila walipotafuta chumba cha kupanga.

Mwandishi wa Kiswahili anayeieleza sera hiyo afanye nini? "Mazingira ya uadui" yanaelekea kumaanisha hali ya hewa mbaya iliyojileta. Nani adui wa nani? Kivumishi cha Kiingereza kinaficha mtendaji, na pengine ndiyo sababu wanasiasa wanakipenda. Sarufi yetu haina vivumishi vingi vya asili, na upungufu huo unatulazimisha tufanye jambo jema: tutafute kitenzi. Kitenzi kina kiambishi cha mtendaji na, kikihitajika, cha mtendwa. "Sera ya kuwabana wahamiaji hadi waondoke wenyewe" inasema nani anabana, nani anabanwa, na kwa kusudi gani. Ni ndefu, lakini msomaji wa Nkwenda akiisoma ataijua mara moja.

Kitenzi kinatusaidia pia katika kahawa, zao kuu la wilaya hizi. Mkulima mwenye shida ya ada au ya msiba huuza kahawa ikiwa bado mtini, mbichi, kwa mfumo unaoitwa butura, na kahawa nyingine huvushwa kwa magendo kwenda Uganda bei ya huko inapokuwa nzuri. Ripoti ya Kiingereza inaweza kusema kwamba wakulima ni 'hostile' kwa ushirika. Ukiandika "wakulima wana uadui na ushirika" umewasingizia. Wengi wao ni wanachama. "Wameususa" ndilo neno, kwa sababu kususa kuna kinyongo na kuna sababu yake, na anayesusa huweza kubembelezwa akarudi: lipa mapema, pandisha bei. Adui habembelezwi.

Matumizi mengine nayapita kwa haraka. Kampuni ikinunuliwa kinyume cha matakwa ya bodi yake, "utwaaji bila ridhaa" unatosha. Mafunzo ya waandishi wanaokwenda vitani ni ya "mazingira hatarishi". Tembo anayetoka katika Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, akamfukuza mtu shambani, ni mnyama mkali. Hana uhasama na mtu.

Lakini mahakama inahitaji uangalifu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama za Tanzania, kwa hiyo istilahi zilizokuwa zikikaa kwa Kiingereza katika kumbukumbu zinahitaji kauli ya Kiswahili. Mojawapo ni ya shahidi 'hostile'. Utaratibu uko hivi: kwa kawaida upande uliomwita shahidi hauruhusiwi kumhoji kwa maswali ya dodoso, kwa kuwa maswali hayo ni ya upande wa pili. Lakini shahidi akisimama kizimbani akasema kinyume cha alichokwisha kukiandikisha polisi, upande uliomwita unaweza kuiomba mahakama iuruhusu umhoji kama wa upande wa pili. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ya mwaka 1967, iliyofuata mfano wa sheria ya India ya 1872, inampa hakimu au jaji uamuzi huo. Hapo ndipo Kiingereza humwita shahidi kwa kivumishi chetu.

Wapo wanaotafsiri "shahidi adui". Fikiria kijiji cha Kyerwa, kesi ya kujeruhi iliyotokana na mpaka wa kibanja. Shahidi ni binamu wa mshtakiwa na jirani wa mlalamikaji. Huenda ametishwa, huenda ameahidiwa kitu, huenda maelezo yake ya polisi yaliandikwa vibaya na leo ndiyo anasema kweli. Mahakama haijaamua lolote kati ya hayo. Imeruhusu tu namna ya kuhoji. Akiandikwa "adui" katika mwenendo wa shauri, na jina hilo likasomwa kwa sauti mbele ya kijiji kilichokuja kusikiliza, amepewa hukumu ambayo hakuna aliyeitoa. "Shahidi hasimu" ni nafuu, kwa kuwa hasimu ni mtu wa upande wa pili wa shauri na si zaidi, lakini nalo linadhani kwamba amekwisha kuhamia huko. "Shahidi kigeugeu" ni tusi. Watu wenyewe nje ya mahakama husema "shahidi amegeuka", na kauli hiyo ina sifa niliyoitafuta: inataja kilichotokea na kunyamaza juu ya moyo wa mtu. Mimi ningeandika katika kumbukumbu: "Mahakama imeruhusu upande wa mashtaka kumhoji shahidi wake kwa maswali ya dodoso, kwa kuwa ushahidi wake unapingana na maelezo aliyoyatoa polisi." Istilahi ikihitajika kwa ajili ya faharasa za sheria, iwe "shahidi aliyegeuka", na ifafanuliwe kwamba kugeuka huko ni kwa ushahidi, hakusemi lolote kuhusu urafiki wake au uadui wake na yeyote.